Jinsi ya Kuifuata Taka ya Mwili Katika Damu, Kutoka Kwenye Seli Hadi Nje

Ukipokea majibu ya damu kutoka maabara, huenda ukakuta urea, kreatinini na bilirubini zimeandikwa moja chini ya nyingine, kila moja na namba yake. Zote tatu ni taka. Mwili wako ndio uliozitengeneza, damu yako ndiyo iliyokuwa imezibeba, na sindano ilizikuta zikiwa njiani kuelekea nje. Namba iliyo mbele ya kila jina inaeleza kiasi kilichokuwa bado njiani wakati ule. Ikipanda kupita kawaida, basi ama taka hiyo inatengenezwa kwa wingi, ama mlango wake wa kutokea umeanza kuziba.

Mwongozo huu unakupitisha kwenye safari hiyo hatua kwa hatua. Hatua kadhaa utazifanya kwa mikono na macho yako, na kwa hizo unahitaji saa inayoonyesha sekunde, chombo chenye alama za mililita, na mashine ya kupimia presha kama unayo. Nyingine ni za kuelewa tu. Nimeuandika kwa sababu viungo vinavyosafisha damu huharibika kimyakimya. Mtu huweza kupoteza nusu ya uwezo wa figo zake asihisi maumivu yoyote, na anayeijua njia ya taka ndiye anayejua mahali pa kuchungulia mapema.

Hatua ya 1: Ujue mzigo wenyewe

Wengi wakisikia taka ya mwili hufikiria kinyesi. Lakini kinyesi kwa sehemu kubwa ni maji, bakteria wa utumbo, na mabaki ya chakula ambayo hayakuwahi kuingia kwenye damu. Taka tunayoifuata hapa ni ile inayozaliwa ndani ya seli, na ambayo haina njia ya kutoka isipokuwa kupitia damu.

Seli inapochoma sukari au mafuta ili ipate nguvu, hutoa maji na hewa ukaa, yaani kabonidioksaidi. Mtu mzima aliyetulia hutengeneza takriban mililita 200 za hewa hiyo kila dakika, na akikimbia kiasi hicho huongezeka mara nyingi. Protini ikivunjwa, nitrojeni yake hubaki kama amonia, ambayo ni sumu kwa ubongo. Misuli hutoa kreatinini usiku na mchana, kwa kasi ambayo haibadiliki sana siku hadi siku. Vinasaba vya seli zilizokufa, pamoja na vile vya chakula, huishia kuwa asidi ya yuriki, ile ambayo ikijikusanya kwenye maungio huleta jongo. Chembe nyekundu za damu nazo huishi siku 120 hivi. Zikizeeka huvunjwa, zaidi ya milioni 2 kila sekunde, na sehemu ya rangi yake hugeuka kuwa bilirubini ya manjano.

Kuna pia vitu ambavyo si taka hadi vizidi: maji, chumvi, potasiamu, asidi. Potasiamu kidogo ni lazima kwa moyo, lakini ikizidi sana kwenye damu inaweza kuusimamisha. Kwa hiyo kazi ya kuondoa taka haiishii kwenye kutupa. Ni kazi ya kuweka kiwango, na ndiyo maana inahitaji kiungo chenye akili kama figo, si bomba la kumwagia tu.

Hatua ya 2: Tazama mahali taka inapopakiwa

Bonyeza ukucha wa kidole chako cha mkono kwa sekunde tano hadi ngozi iliyo chini yake iwe nyeupe, kisha achilia. Kwa mtu mzima mwenye afya, kwenye chumba chenye joto la kawaida, rangi hurudi ndani ya sekunde 2 au 3 hivi. Ulichokiona ni damu ikirejea kwenye kapilari, mishipa myembamba kuliko yote. Wahudumu wa dharura hutumia kipimo hikihiki wanapotaka kujua kama damu inafika pembezoni mwa mwili. Mikono ikiwa baridi, kawia kutoa hukumu. Ipashe joto kwanza.

Kapilari ni nyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu hupita moja baada ya nyingine, wakati mwingine zikijikunja. Kuta zake ni tabaka moja la seli. Hapa damu hupunguza mwendo sana, na mabadilishano hufanyika bila pampu wala nguvu ya ziada: oksijeni iko nyingi kwenye damu na chache kwenye seli, kwa hiyo huhamia kwenye seli, hewa ukaa na kreatinini ziko nyingi upande wa tishu, kwa hiyo huhamia kwenye damu. Kila kitu hutoka palipojaa kwenda palipopungua. Kanuni hiyo utaikuta tena kwenye mapafu, na tena kwenye mashine ya kusafishia damu.

Mwaka 1628 William Harvey wa Uingereza alichapisha ushahidi kwamba damu huzunguka, lakini hakuweza kuonyesha inavyovuka kutoka ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, kwenda vena, mishipa inayoirudisha. Mwitalia Marcello Malpighi ndiye aliyeziona kapilari kwa hadubini mwaka 1661, kwenye mapafu ya chura.

Si maji yote yanayotoka kwenye kapilari hurudi humohumo. Kiasi fulani hubaki kati ya seli, kikiwa na protini na vipande vya seli zilizoharibika. Hicho hukusanywa na mishipa ya limfu, hupitishwa kwenye tezi ambako chembe nyeupe hukikagua, kisha hurudishwa kwenye vena kubwa karibu na shingo. Njia hii ikizibwa, mguu au mkono huvimba na kubaki umevimba.

Hatua ya 3: Ifuate damu inaporudi moyoni

Jaribio hili lilitoka kwa Harvey mwenyewe, na bado linafanyika vilevile. Ning'iniza mkono mmoja chini kwa dakika moja. Mwombe mtu akushike sehemu ya juu ya mkono kwa nguvu ya wastani, mpaka vena za mkono zijitokeze. Chagua vena moja iliyonyooka. Weka kidole kimoja juu yake upande wa kiganja na ukibonyeze hapo. Kwa kidole cha pili, sukuma damu kwenye vena hiyo kuelekea kiwiko, umbali wa sentimita kadhaa, kisha inua kidole cha pili. Kama umepita penye vali, yaani kijilango kilicho ndani ya vena, kipande kilicho katikati kitabaki kitupu. Damu ya juu haishuki. Sasa inua kidole cha kwanza, na vena itajaa mara moja kutoka chini. Mtu asikushike kwa muda mrefu. Dakika moja au mbili zinatosha.

Vali hizo zinaruhusu damu iende upande mmoja tu, kuelekea moyoni. Lakini kinachoisukuma kutoka miguuni ni misuli yako. Kila unapotembea, misuli ya shavu la mguu huzibana vena na kupandisha damu. Mtu anayekaa kitini saa nyingi bila kusogea huikosesha damu yake msukumo huo, na jioni huona alama za soksi zimezama kwenye vifundo. Inuka kila baada ya muda, au angalau pandisha na kushusha visigino ukiwa umekaa.

Damu iliyosheheni hewa ukaa huingia upande wa kulia wa moyo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 kwa dakika, na mwilini mwake mna damu inayokaribia lita 5. Kwa wastani, basi, damu yote humaliza mzunguko mmoja ndani ya dakika moja hivi.

Hatua ya 4: Mlango wa kwanza, mapafu

Keti vizuri. Vuta pumzi ya kawaida, itoe, kisha ishike huku ukitazama saa. (Usifanye hivi ukiwa ndani ya maji, na usifanye kabisa kama una ujauzito au ugonjwa wa moyo au mapafu.) Baada ya muda mfupi utahisi msukumo mkali wa kutaka kuvuta hewa. Achilia hapohapo, hakuna haja ya kushindana nao.

Wengi hudhani msukumo ule unatokana na kuishiwa oksijeni. Kwa mtu mwenye afya, chanzo chake kikuu ni hewa ukaa inayojikusanya. Ikipanda kwenye damu, huifanya damu iwe na asidi zaidi, na vihisi vilivyo chini ya ubongo huamuru kupumua papo hapo. Mwili unaijali taka hii kiasi cha kuifanya iwe ndiyo inayoamua kasi ya pumzi zako.

Namna inavyosafirishwa inastahili kuelezwa polepole. Sehemu ndogo, chini ya asilimia 10, huyeyuka tu kwenye plazma, yaani majimaji ya damu. Nyingine, karibu moja ya tano, hujishika kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Inayobaki, takriban asilimia 70, huingia ndani ya chembe nyekundu, na humo kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, huiunganisha na maji kwa kasi kubwa mno. Hutokea asidi hafifu ambayo mara hiyohiyo hugawanyika kuwa bikaboneti na hidrojeni. Bikaboneti hutoka na kusafiri ndani ya plazma bila kuleta madhara, nayo hidrojeni hushikwa na himoglobini. Damu ikifika mapafuni, kila kitu hugeuzwa: bikaboneti hurudi ndani ya chembe, hewa ukaa huundwa upya na kurukia kwenye vifuko vya hewa.

Vifuko hivyo ni mamia ya mamilioni, na vikitandazwa hufikia eneo la mita za mraba zipatazo 70. Chembe nyekundu hukaa kwenye kapilari ya pafu chini ya sekunde moja, na muda huo unatosha. Hewa unayovuta ina hewa ukaa asilimia 0.04 hivi; unayoitoa ina takriban asilimia 4.

Lakini mapafu hayaigusi urea, wala kreatinini, wala bilirubini. Hizo hazigeuki kuwa hewa. Hutoka mapafuni zikiwa palepale kwenye damu nyekundu iliyojaa oksijeni, zikarudi moyoni, zikasukumwa tena. Damu inayoitwa safi kwa sababu imepita mapafuni bado imebeba taka nyingine zote.

Hatua ya 5: Ini, mahali taka inapobadilishwa sura

Ini halitupi sana. Kazi yake kubwa ni kugeuza vitu ili viungo vingine viweze kuvitupa. Robo hivi ya damu inayotoka moyoni hufika kwenye ini, na sehemu kubwa yake, karibu robo tatu, hutoka kwanza kwenye utumbo kupitia vena kubwa ya pekee. Maana yake ni kwamba unachokula, unachokunywa na kila kidonge unachomeza huletwa kwenye ini kabla ya kusambazwa mwilini.

Amonia hugeuzwa hapa kuwa urea, ambayo huyeyuka kwenye maji na haina ukali. Hans Krebs na Kurt Henseleit walieleza mzunguko wa kemikali unaofanya kazi hiyo mwaka 1932, huko Ujerumani. Ini likishindwa, amonia hupita na kufika kwenye ubongo, na mgonjwa huanza kuchanganyikiwa, kusinzia mchana, au kutetemeka mikono.

Bilirubini nayo hufika ikiwa imebebwa na protini ya albumini, kwa kuwa haiyeyuki kwenye maji. Ini huifungia sukari ya aina fulani ili iyeyuke, kisha huimwaga pamoja na nyongo kwenye utumbo. Bakteria wa huko huibadilisha tena. Sehemu yake ndiyo inayokipa kinyesi rangi ya kahawia, na sehemu ndogo inayorudi kwenye damu huishia kwenye mkojo na kuupa rangi ya manjano.

Kwa hiyo unaweza kulikagua ini kwa macho. Simama kwenye mwanga wa jua, si wa taa, vuta chini kope la chini na utazame sehemu nyeupe ya jicho. Umanjano ukionekana hapo, bilirubini imepanda hadi kiasi cha mara mbili ya kawaida au zaidi. Tazama pia choo: kinyesi kilichopauka kama udongo mweupe pamoja na mkojo mweusi kama chai ya rangi ni dalili kwamba nyongo haifiki kwenye utumbo. Hali hiyo inahitaji daktari siku hiyohiyo. Kwa mtoto mchanga, umanjano unaoonekana ndani ya saa 24 za kwanza ni wa kupelekwa hospitali bila kungoja.

Hatua ya 6: Figo, mahali kazi ngumu inapofanyika

Figo mbili kwa pamoja hazifikii hata nusu kilo, lakini hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani takriban lita moja kila dakika. Kila figo ina nefroni, yaani vichujio vidogo sana, zipatazo milioni moja, ingawa idadi hutofautiana sana kati ya watu na hupungua kadiri umri unavyokwenda. Nefroni zikifa hazioti tena.

Nefroni huanza na kifundo cha kapilari. Damu huingia humo kwa msukumo mkubwa, na msukumo huo hulazimisha maji, chumvi, sukari, urea na kreatinini kupenya. Chembe za damu na protini nyingi hubaki kwa sababu ni kubwa. Kwa siku moja figo huchuja kiasi cha lita 180. Plazma yote uliyonayo ni kama lita 3 tu, kwa hiyo ileile hupitishwa pale mara 60 hivi kwa siku.

Ungetoa lita 180 za mkojo ungekufa kabla ya adhuhuri. Kinachokuokoa ni sehemu ya pili ya nefroni, mrija mrefu uliojikunja. Njia ambayo figo hutumia inanishangaza kila ninapoifikiria: hutoa karibu kila kitu nje, kisha huchagua vya kurudisha. Sukari yote hurudishwa kwa mtu asiye na kisukari. Maji na chumvi hurudishwa zaidi ya asilimia 99. Urea hurudi kiasi, kreatinini hairudi. Kuta za mrija huongeza pia vitu vilivyoponyoka mchujo wa kwanza, kama potasiamu iliyozidi, asidi, na mabaki ya dawa nyingi. Kinachobaki ni lita moja hadi mbili za mkojo kwa siku.

Utaratibu huu una faida kubwa. Kitu kigeni kikiingia kwenye damu, figo haihitaji kukitambua ili ikitupe. Kikiwa kidogo cha kutosha kitachujwa, na kwa kuwa hakuna kinachokirudisha, kitatoka.

Madhara yake nayo ni makubwa. Kifundo kile cha kapilari kinategemea msukumo usio mkali wala dhaifu. Presha ikiwa juu miaka mingi, kuta zake hukakamaa na kuwa na makovu. Sukari ikiwa juu, hupoteza uwezo wa kuzuia protini, nayo protini huanza kuvuja. Ndiyo maana kisukari na presha vinaongoza duniani kwa kuharibu figo. Na mtu akiishiwa maji kwa kuhara au kutapika, msukumo hushuka na mchujo hupungua ndani ya saa chache.

Hatua ya 7: Usome mkojo wako

Chagua siku moja ya kawaida. Mkojo wa kwanza wa asubuhi umwage, kisha kuanzia hapo kusanya wote kwenye chombo chenye alama hadi asubuhi inayofuata, ukiujumuisha ule wa asubuhi hiyo. Andika jumla. Mtu mzima anayetoa chini ya mililita 400 kwa siku ana tatizo linalohitaji hospitali. Anayetoa zaidi ya lita 3 bila kunywa maji kupita kiasi apimwe sukari.

Rangi ya manjano hafifu ni nzuri. Ikikolea, mara nyingi unahitaji maji. Baadhi ya vidonge vya vitamini B huufanya ung'ae, na rifampisini ya kifua kikuu huugeuza kuwa wa rangi ya machungwa. Hayo si ugonjwa. Wekundu usio na sababu inayojulikana, hata ukitokea mara moja na usiume, upimwe. Povu linalokaa dakika kadhaa, siku baada ya siku, huenda ni protini.

Jambo moja wengi hulikosea: mkojo mweupe kama maji hauthibitishi kwamba figo ni nzima. Figo iliyochoka hushindwa kukoleza mkojo, kwa hiyo hutoa mwingi ulio mwepesi, hasa usiku, huku urea ikibaki kwenye damu.

Ukimaliza, bonyeza kwa dole gumba mbele ya mfupa wa goko kwa sekunde kadhaa. Shimo likibaki baada ya kuachilia, kuna maji yaliyokwama mwilini. Chanzo chaweza kuwa moyo, figo, ini, au dawa fulani za presha. Kipimo hiki hakisemi ni kipi, kinakutaka ukaulize.

Hatua ya 8: Omba vipimo vitatu, na uvielewe

Cha kwanza ni presha. Nenda haja ndogo kwanza, usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, keti dakika tano ukiwa umeegemea, nyayo sakafuni bila kupandanisha miguu, mkono usawa wa moyo, usizungumze. Pima mara mbili kwa kupishanisha dakika moja. Ikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, onana na daktari.

Cha pili ni kreatinini ya damu. Usiridhike na neno kawaida lililoandikwa pembeni. Kreatinini hutegemea wingi wa misuli. Namba ileile yaweza kuwa nzuri kwa kijana mwenye mwili mkubwa na mbaya kwa bibi mwembamba. Zaidi ya hapo, mara nyingi haivuki kiwango cha kawaida mpaka karibu nusu ya uwezo wa figo umepotea. Muulize mtaalamu kasi ya uchujaji iliyokokotolewa kwa kuzingatia umri na jinsia yako. Zaidi ya mililita 90 kwa dakika ni nzuri. Chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi huhesabiwa kuwa ugonjwa sugu wa figo. Chini ya 15, figo zimeshindwa. Usile nyama nyingi wala kufanya mazoezi mazito kabla ya kipimo, kwa maana vyote viwili hupandisha kreatinini kwa muda.

Cha tatu, na mara nyingi ndicho kinachosahauliwa, ni albumini kwenye mkojo. Protini hii huanza kuvuja kabla kreatinini haijapanda. Mwenye kisukari au presha apimwe vyote vitatu angalau mara moja kwa mwaka. Kwa maoni yangu, kama fedha au muda unaruhusu kimoja tu cha maabara, mwenye kisukari anayejisikia mzima aanze na hiki.

Hatua ya 9: Acha njia ifanye kazi yake

Dawa na vinywaji vinavyouzwa kwa jina la kusafisha damu havina mahali pa kushika katika safari uliyoiona. Haviwezi kuongeza nefroni, wala kuharakisha kimeng'enya cha ini. Vingine hudhuru kabisa: mimea yenye asidi ya aristoloki imethibitishwa kuua figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Jasho nalo ni la kupoza mwili. Lina maji na chumvi, na urea kidogo tu, kwa hiyo kukaa kwenye joto kali hadi utokwe na jasho jingi hakuisaidii figo, huinyang'anya maji.

Maji unywe kwa kufuata kiu, zaidi kidogo kukiwa na joto au homa. Kunywa lita nyingi kwa mkupuo hakusafishi zaidi. Figo zina kikomo, kiasi cha lita moja kwa saa au pungufu, na ziada huipunguza chumvi ya damu hadi ubongo unavimba. Aliyeambiwa na daktari apunguze maji asifuate ushauri wa jumla.

Dawa za maumivu za aina ya ibuprofeni na diklofenaki hubana mshipa unaoingiza damu kwenye nefroni. Siku mbili tatu kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hazina shida. Kila siku kwa miezi, au wakati wa kuhara na kutapika, au pamoja na dawa za presha, ni hatari ya kweli. Parasetamoli ni salama zaidi kwa figo, lakini ukizidisha kipimo huliua ini, na dalili huweza kuchelewa siku moja au mbili.

Mlango ukifungwa

Figo zikishindwa kabisa, damu hupitishwa kwenye mashine. Willem Kolff, daktari wa Uholanzi, aliitumia mashine aliyoibuni kwa mgonjwa mwaka 1943, wakati wa vita, akitumia utando uleule uliotengenezewa soseji. Kanuni ni ya Hatua ya 2: damu upande mmoja wa utando, maji maalumu upande wa pili, na urea huhama kutoka palipojaa kwenda palipopungua. Kwa kawaida mgonjwa huunganishwa mara tatu kwa wiki, saa nne hivi kila mara. Figo hufanya kazi saa 168 kwa wiki. Mashine hufanya 12. Pengo hilo ndilo linalomfanya mgonjwa apimiwe maji, chumvi na potasiamu katikati ya siku hizo, na ndugu zake wanapaswa kulielewa wanapomwandalia chakula.

Usingoje dalili zijikusanye. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukipitisha saa 12 bila mkojo, uso na miguu ikivimba ghafla, pumzi ikibana ukilala chali, macho yakiwa ya manjano, au mtu wa nyumbani akianza kuchanganyikiwa. Kwa aliye na ugonjwa wa figo, udhaifu wa ghafla wa misuli au mapigo ya moyo yanayorukaruka ni dharura ya dakika, kwa sababu huenda potasiamu imepanda. Beba dawa zote anazotumia, za hospitali na za mitishamba, zikiwa kwenye pakiti zake, na waambie wahudumu mlangoni kabisa kwamba ana figo mbovu, kabla hajachomwa sindano yoyote.